Kachupa ka gaz ka Dodo

Jumamosi usiku

Bunduki ya upepo! Na minyi, fundi wa manati, nani ananiangalia tena? Dodo, mutoto wa jirani yetu mwenye anatumika ku reli, anatoka nayo Lubumbashi, na batoto bote banamufuata sawa bata. Hata Nadine, mwenye alikuwa anapigia manati yangu makofi.

Inatumika na kachupa ka chuma ka gaz, kadogo sawa kidole. Unakaingiza ndani ya mukono wa bunduki, unakaza vis, kale kamusumari ka kuzungusha, na gaz njo inasukuma risasi. Dodo aliangusha mikebe ya tomate yote.

Nikamwambia: «Lete, nikuonyeshe kazi.» Nikaingiza kachupa kapya, nikakaza vis polepole, sawa fundi, juu Nadine aone. Kumbe banakazaka mbio, juu gaz isitoke! Tsiii, gaz yote ikatoka, vidole vyangu vikaganda na baridi yake. Na kalikuwa kachupa ka mwisho. Ku soko yetu hapa Kamina hakuna, mpaka treni ilete ingine.

Nikangojea matusi. Dodo akacheka: «Hata minyi niliharibu ya kwanza, kaka.» Akanisugua vidole vipate moto. Nadine akamuangalia na macho ile yenye alikuwa ananiangaliaka minyi.

Angenitukana tu, ningelala muzuri.