Prosesa ya Mwanyumba

Jumatatu, 3 Machi

Nimepita tena dukani. Bado ipo! Imekaa kwenye kabati la kioo, juu ya boksi lake, peke yake, ya mwisho. Miwani (muuzaji, ana miwani mikubwa kuliko uso) akasema nisiwe na haraka. Toleo jipya linatoka mwezi ujao, likitoka tu hili litashuka bei. Mwaka jana alisema hivyo hivyo kuhusu lile la kabla yake. Nikasubiri. Likashuka kweli, nikasikia kuna jingine njiani, nikasubiri na hilo.

Bodi ya kompyuta mpya ninayo tayari. Iko juu ya kabati la nguo, inangoja prosesa, ule ubongo wake. Mapacha wangu wameshachora samaki kwenye boksi lake. Mashine yangu ya sasa naiagiza itoe video ya harusi moja, naenda kunyoa, narudi, bado inawaza. Mke wangu ananiita Bwana Subiri. Mbele ya watu.

Jumatano, 5 Machi

Kabati tupu! Nikamuuliza Miwani nani kaichukua. Mtu mmoja mchangamfu, akasema, hakuuliza hata mara mbili.

Nilipofika nyumbani huyo mtu mchangamfu alikuwa sebuleni kwangu, boksi mapajani, anamwonyesha mke wangu. Mwanyumba! Tumeoa nyumba moja, yeye mdogo mtu na mimi mkubwa mtu, na tangu siku alipoingia ukoo huu sijapumua. Kazi ya kukata video nilimfundisha mimi, kwenye meza hii hii. Leo ana prosesa yangu. Ndiyo, yangu! Mimi ndiye niliyeichungulia kwenye kioo mwezi mzima.

"Mwanyumba, nimeona nisingoje," akasema. "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Mke wangu akacheka mpaka akashika ukuta.

Nina wivu. Nauandika hapa kwa sababu hapa hapana wa kunicheka.

Alhamisi, 6 Machi

Nimewaza: huenda ikawa mbovu. Mungu nisamehe.

Nimewaza tena.

Jumapili, 9 Machi

Jana tumemwoza kitinda mimba wa nyumba ya ukweni. Mimi na mwanyumba tulipiga picha wote wawili, yeye mbele, mimi pembeni. Leo chakula cha mchana kwa mama mkwe, nyumba imejaa, viatu mlangoni havihesabiki. Likaja suala la nani ataitengeneza filamu. Maharusi wanasafiri Jumatatu ya tarehe 17, wanataka kuondoka nayo.

Nilishafungua mdomo. Mama mkwe akawahi. Mwachie mwenzio, baba, kompyuta yake ina kasi. Wewe pumzika.

Pumzika! Kama mgonjwa. Nikamwangalia mke wangu anisemee. Akasema ni kweli, ya kwetu inachelewa. Ya kwetu! Kwenye kuchelewa ndipo tulipo pamoja.

Memori kadi zangu nikazitoa kwa mkono wangu mwenyewe. Mwanyumba akashukuru, akasema mbele ya wote kwamba kila anachojua amekijua kwangu. Watu wakampigia makofi yeye, kwa unyenyekevu wake. Hata sifa zangu anapewa yeye.

Jumanne, 11 Machi

Shemeji, mke wa mwanyumba, kampigia simu dada yake. Mashine inajizima! Ikifika dakika chache za kazi, pu, giza. Wameshindwa hata kutoa wimbo wa kwanza.

Nikaosha vyombo. Mke wangu akaniuliza naimba nini. Sikujua kama naimba.

Jumatano, 12 Machi

Nimeitwa kama daktari. Nimekwenda. Niandike kila kitu kama kilivyokuwa, maana nikiruka kitu leo kesho nitajidanganya.

Prosesa aliifunga mwenyewe, kwa kutazama video za mtandaoni. Nikafungua ubavu wa mashine. Kwenye kioo cha kompyuta joto la prosesa linapanda kama maji ya chai, lakini nikaligusa lile bonge la chuma lenye feni, linalokaa juu ya prosesa kuipoza, nikalikuta baridi. Baridi kabisa! Hapo nikajua. Joto halipiti. Nikainama na tochi ya simu. Kati ya chuma na prosesa kuna ncha ya nailoni imechungulia, nyembamba, na nusu ya herufi nyekundu. Ile nailoni ya kiwandani ya kulinda chuma, inayobanduliwa kabla ya kufunga. Hakuibandua. Aliipaka dawa ya joto, ile ya kupitisha joto kwenda kwenye chuma, juu yake, akakaza skrubu, basi.

Kuibandua ni kazi ya kufumba na kufumbua.

Mwanyumba kasimama nyuma yangu, mikono kichwani. Shemeji mlangoni. Nikasema: labda ni prosesa yenyewe. Labda imetoka kiwandani hivyo.

Nilisema mimi. Sauti ilikuwa yangu.

Miwani hapokei kitu kilichofunguliwa boksi. Na shemeji aliuza cherehani yake ya pili ili prosesa inunuliwe. Hilo sikulijua, amelisema pale pale, polepole, anamtazama mumewe. Mwanyumba akaniomba niichukue mimi. Mimi ni fundi, nitajua namna ya kuitumia hata ikiwa nusu nzima, nilipe chochote nitakachoona. Nikamwambia asubiri, nifikiri.

Nimemwambia mtu asubiri! Mimi!

Alhamisi, 13 Machi

"Labda" si uongo. Nimeligeuza neno hilo tangu asubuhi. Mtu akisema labda mvua itanyesha isinyeshe, nani humwita mwongo?

Na yeye je? Alinihurumia aliponinyang'anya kwenye kioo? Alinihurumia pale mezani kwa mama mkwe? Sikumwambia aache nailoni. Haraka yake ndiyo iliyomponza. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Mama mkwe kapiga. Kasema kazi irudi kwangu, wewe ndiwe wa kutegemewa, baba, hawa wadogo ni mbio za sakafuni. Maneno niliyoyasubiri miaka! Nikakata simu nikakaa kitandani. Hayakuniingia popote.

Kwa mashine yangu kuukuu filamu haitafika Jumatatu. Kwa prosesa ile itafika. Kwa hiyo ni kwa ajili ya harusi. Kwa ajili ya familia.

Mke wangu anasema siku hizi nimekuwa mpole. Kanipakulia mara mbili.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekubali. Analeta kesho. Nikamwambia alete prosesa tu, hilo lichuma la feni abaki nalo, nitatafuta langu; sikutaka kuiona tena nailoni ile. Akakataa katakata! Nikunyime chuma, mwanyumba? Chukua vyote.

Sikulala vizuri mchana.

Jumamosi, 15 Machi

Wako sebuleni. Kaleta vyote vimefungwa kwenye taulo la mtoto wake. Prosesa haina hata mkwaruzo. Lichuma limelala kifudifudi, dawa ya joto imekauka chini yake, nailoni humo humo. Ukiitafuta unaiona. Usipoitafuta huioni. Yeye hakuitafuta.

Nilipanga nipanguse dawa, nibandue nailoni, niifinyange mfukoni, kazi iishe. Nilitaka aende. Hataki kwenda. Anataka anishikie tochi, ajifunze. Bodi nimeiteremsha kutoka juu ya kabati, mapacha wamekaa kando ya samaki wao. Mke wangu kaja na kitambaa, anauliza apanguse wapi. Nikasema asiguse kitu, naenda chumbani kuchukua bisibisi.

Bisibisi iko kwenye mfuko wa shati langu. Naandika ili mkono upate cha kufanya.

Namsikia mwanyumba. Anamwambia mke wangu kwamba usiku shemeji alilia, lakini hawakugombana, maana prosesa imeangukia kwa mtu wao. Anasema angemuuzia mwingine angeona kaibiwa, lakini kwa mwanyumba wake moyo umetulia. Anasema jamaa, yaani mimi, hata angegundua ni kitu kidogo, asingemficha.

Alisema hivyo. Asingemficha.

Ninaweza kutoka sasa hivi. Nikacheka, nikasema, ebu angalia hapa, kumbe! Kama nimeiona leo. Angenipigia makofi. Mama mkwe angesikia. Angerudi nyumbani na prosesa yake na sifa ningebaki nazo mimi. Ni uongo mwingine tu, mzuri kuliko wa kwanza. Au nitoke niseme niliiona Jumatano.

Au nisubiri, labda ataondoka.

Mke wangu anaita. "Baba Pacha! Hiki kinailoni kilichogandia huku chini kina maandishi. Mbona kimeandikwa kiondolewe?"

Mapacha wanagombania kukiona.

"Usikiguse, shemeji," mwanyumba anasema. "Alikiona siku ile alipomulika na tochi. Kingekuwa na neno angeniambia. Tumsubiri mwenyewe."

Wananisubiri.