Parrain Amenunua Seva Isiyoelewana na Zetu

Shangazi Illuminée, nisaidie kabla sijasema neno ambalo kanisa zima litalisikia. Mimi ndiye mtu wa kompyuta katika kliniki moja hapa Kagarama, na tuna seva tatu zinazofanya kazi kama moja, kila moja inabeba programu na hifadhi humohumo, moja ikitaka matengenezo tunahamishia kazi zake kwa wenzake bila hata nesi kujua, na zote zina prosesa za Intel, ndiyo maana zinaelewana. Sasa mkurugenzi wetu, nitamwita Bayingana, ambaye pia ni parrain wetu, yaani yeye na mkewe ndio waliotusimamia ndoa, alienda Gatsata, kule kwenye magereji, kwa shemeji yake mfanyabiashara, akarudi na seva ya nne, mimi sikuulizwa, na nilipoifungua nikakuta prosesa ni ya AMD, mashine nzuri, sikatai, ila ni ukoo mwingine, maana ingekuwa Intel ya kizazi kipya ningeweza kuishusha ifanye kazi kwa kiwango cha dada zake, lakini hii hapana, mfumo ukiwa unatembea hauhamii pale, lazima uzimwe kwanza. Nikamweleza polepole, akacheka. "Mtoto wetu, tairi iko tairi. Hii iko mpya, iko na nguvu. Shida iko wapi?" Na Ijumaa kuna uzinduzi, wageni na keki, anataka mbele yao nihamishie humo mfumo wa wodi ya wazazi, ule ambao manesi wanasomea nani amepewa dawa gani, nikamwambia hautahama, akaninong'oneza, "Basi zima, halafu washa. Nani ataona?" Shangazi, nilikasirika, lakini nikamjibu tutaangalia, Parrain, Mungu ni mwema, nikaenda nyumbani nikamfokea mume wangu asiye na kosa, naye anasema parrain hakataliwi, ni mzazi. Nifanyeje?

Mwenye Hasira, Kagarama

Mwenye Hasira,

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta neno "hapana". Nimelikuta mahali pamoja, na ulikuwa unaisema seva.

Kuhusu Bayingana sina maneno laini. Mtu anayeuliza "nani ataona" akizungumzia dawa za wazazi hafai kuachiwa hata swichi ya taa. Na hilo la tairi amwambie shemeji yake. Prosesa ni injini, na hata gereji mbovu kuliko zote pale Gatsata haibadilishi injini gari likiwa barabarani.

Lakini wewe nawe. Mjini kwetu "tutaangalia" ni neno la adabu, wote tumelelewa nalo. Anayelisema anamaanisha hapana, anayelisikia anaagiza keki. Ulimweleza vizuri, ila kueleza si kukataa. Hasira ukaipeleka kwa mume, kwa sababu yeye hakulipi mshahara. Mwombe radhi leo.

Kesho nenda kwa Bayingana ofisini, si nyumbani. Nyumbani ni parrain, utapewa chai na utaanza kutabasamu. Nenda na matroni wa wodi. Washa mfumo mdogo wa majaribio usio na mgonjwa hata mmoja, ujaribu kuuhamisha ukiwa unatembea, wao wakitazama. Mashine itakataa. Yenyewe haikusimamiwa ndoa na mtu. Hapo useme, "Mfumo wa wodi siuzimi," na unyamaze. Usiongeze samahani, wala Mungu ni mwema. Ni mwema bila wewe kumtaja.

Kisha mwachie mlango wa kutokea, maana bosi aliyekosa mlango huvunja ukuta. Seva irudi kwa shemeji, ije yenye prosesa ya ukoo wa zile tatu, na uikague wewe kabla haijapakiwa kwenye gari. Shemeji akigoma, ikae peke yake ikitunza nakala, nje ya kundi. Ijumaa wageni wale keki yao, haina prosesa.

Mume wako mwambie hivi: yule mzee alisimamia ndoa yenu, hakusimamia wodi.

Na Bayingana akirudia kukuuliza nani ataona, usijibu. Matroni atakuwa amesimama hapo hapo. Mwache ajibu yeye.