Mdalasini Wangu wa Uani Umetoa Mafuta

Mpendwa mume wangu, Baba Mwajuma,

Nimekaa barazani, mikono bado inanukia, wala sitaki kuinawa. Mdalasini wangu wa uani umetoa mafuta. Ule ule uliokuwa ukiucheka. Mafuta mazito, rangi ya asali, na harufu yake ilifika kwa jirani kabla sijamwita mtu. Lazima nikwambie wewe kwanza, maana ubishi huu ulikuwa wetu sisi wawili.

Unakumbuka ulivyorudi likizo kutoka kwenu Uluguru na gunia la majani ya mdalasini mwitu begani? Hujanisalimia vizuri ushaniambia, "Mke wangu, leta debe." Tulishazoea kukeneka mchaichai: debe la majani na maji juu ya mafiga, bomba likipita kwenye ndoo ya maji baridi, mvuke ukigeuka maji na kudondoka kwenye bakuli la bati. Mafuta yakielea juu, mie nachota kwa kijiko, wewe umeshika kichupa. Majani yako yalitoa mafuta siku hiyo hiyo. Kisha tukatia majani ya mti wangu, ule ambao mche wake nilipewa na mama kule Kisarawe. Nikachungulia bakuli: maji meupe kama ya kuoshea mchele, juu hakuna hata tone. Tukayamwaga.

"Mdalasini wako umedekezwa," ulisema. "Maji ya kisima unakunywa kila siku, kazi haufanyi."

Nilinuna mpaka magharibi, nawe ulicheka mpaka ukakohoa. Tangu hapo kila mgeni akija unamwonyesha mti wa mke wako, mtoto wa mjini asiyejua kazi. Nami nakujibu kwamba wako ni mshamba na unanuka dawa. Nilikupenda sana ulivyokuwa mbishi namna ile, sijui kama niliwahi kukwambia.

Sasa sikiliza. Mdogo wako Salumu ameamua kujenga vyumba vya kupangisha pale uani. Temeke yote siku hizi ni vyumba, watu wa bandarini hawana pa kulala. Simlaumu. Lakini vyumba vyake vinaangukia pale pale penye mti, na juzi alikuja na shoka. Nilipomkatalia akanijibu kwa adabu kabisa, "Shemeji, marehemu kaka mwenyewe alisema mti huu hauna kitu." Ni maneno yako hayo, ningeyakana vipi? Nikamwomba anipe mpaka leo.

Asubuhi nikapunguza matawi, nikawasha moto. Lile bakuli letu limeshatoboka, basi nikakinga kwa chupa ya kioo ya sharubati. Juu, kama siku ile, hakuna kitu. Nikakaa chini nataka kulia. Jua lilipoipiga ile chupa, nikaona kitu kimelala chini kabisa, kinang'aa, nikiinamisha chupa nacho kinatembea. Mume wangu, yalikuwa yanazama! Sie tuliyatafuta juu kama ya mchaichai, kumbe yako chini ya bakuli, tukayamwaga pamoja na maji yake.

Nikatoka mbio, kanga ya kichwani ikidondoka njiani, hadi kwa Bwana Petro. Wewe humjui, ni mtu wa bara, mchanganya dawa wa hospitali, amehamia nyumba ya pili kutoka kwetu. Akanusa, akafumba macho. "Mama, hii ni karibu karafuu tupu," akasema. "Kile kitu kinachotuliza jino, tunakiita yujenoli, ndicho kilichojaa humu. Na ni kizito kuliko maji."

Nikarudi kumletea kichupa chako cha mwisho, kilichokuwa ndani ya sanduku langu. Sikuwa nimekifungua tangu tukuzike. Akasema mafuta yako yamejaa kafuri, nayo ni mepesi, ndiyo maana yalielea. Harufu ya kafuri naijua, tangu siku uliyooshwa nayo kabla ya kuzikwa sikutaka kuinusa tena. Leo nimeinusa na sikulia, nilikuwa na haraka mno. Akasema miti inaweza kuwa ya jina moja, mmoja wa kupandwa, mwingine wa porini, na kila mmoja ukabeba vyake ndani. Kwamba humo kuna na mengine, ila hayo yanataka maabara, pua peke yake haitoshi.

Adhuhuri Salumu akaja na shoka. Nilimtia tone moja kiganjani. Akanusa. Akanusa tena.

"Karafuu hii, shemeji?"

"Mdalasini. Wa hapo uani."

Akautazama mti, akaniangalia mie, kisha akaanza kupima kiwanja upya kwa hatua. Mwishowe akasema chumba kimoja kinatosha, upande wa choo. Akaondoka na shoka lake begani.

Nikacheka kwa sauti. Nikageuka upande wa jikoni, mdomo ushafunguka: "Haya, nani kadekezwa?" Nikaona mafiga na debe tu. Miaka yote ile nilitamani nikushinde japo mara moja, na leo nimekushinda kweli kweli, Baba Mwajuma, furaha imenijaa mpaka inaniuma, na sina wa kumtambia.

Lala salama. Ila kama huko uliko kuna namna ya kunibishia, nibishie.

Mkeo,
Mama Mwajuma