Wanja wa Mama na Pasi ya Shamsi

S.L.P. 88,
Kasulu, Kigoma.
4 Juni 2025

Mpendwa dada Mwanaheri,

Assalaam aleikum. Hujambo huko Toronto? Na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua, umetulia? Sisi wazima, alhamdulillahi. Maharage ya Titye yameanza kuingia dukani na mume wangu Mansuri hana hata muda wa kunywa chai.

Sasa kaa chini. Pasi ya kusafiria ya Shamsi imetoka, na viza yake imeshagongwa! Tunakuja, dada, mimi na mwanangu, tarehe kumi na tisa! Tangu juzi sijatulia, chai nimeitia chumvi mara mbili.

Kilichotuchelewesha utacheka. Unamjua mama mdogo Firdausi. Siku ya picha nilimwachia mtoto nikavae, kurudi nakuta kamchora nyusi za wanja nene, zimekutana katikati, na doa kubwa kwenye paji la uso, la kuzuia kijicho. Mtoto wa miezi saba, sura ya mzee wa baraza. Picha ikakataliwa. Mara ya pili nikamnawisha mwenyewe, nikageuka kufunga mlango tu, nyusi zimerudi! "Mtoto wetu atoke nchini uso mtupu?" akaniuliza, na alikuwa amekasirika kweli. Mara ya tatu nilitoroka naye kwa mlango wa jikoni.

Nacheka sasa, lakini niliogopa sana. Tiketi ulizotutumia hazibadilishwi tarehe, na miaka kumi na moja bila kukuona imenitosha.

Mansuri amempima kwenye mizani ya maharage: kilo nane na nusu. Kile kitanda kidogo cha ndani ya ndege nimeambiwa mwisho kilo kumi, kwa hiyo uji wa ziada nimeupiga marufuku. Immaculée, yule Mkongo wa kambi ya Nyarugusu anayetuuzia vitenge, dada yake alishasafiri na pacha. Ananiambia, "Avioni ikipanda, umupatie ziwa, masikio haitamuuma." Mpaka Doha, tutakapobadili ndege, sina wasiwasi. Zile saa kumi na nne za kuja kwako ndizo ninazoziombea dua. Nguo zake za kubadili nimeweka jozi sita na zangu mbili, maana akitapika hunitapikia mimi.

Jana mama mdogo alikuja na kichupa cha wanja. Ni kilekile cha mama, alichokuwa akitupaka nacho sisi. Alikitunza tangu mazishi, yale ambayo hukuweza kuja, na najua bado yanakuuma. Alikifunga kwenye kipande cha kanga, akanipa. "Mpelekee mwenzio," akasema. "Huyu Shamsi ana jina la mama yenu. Safari hii ampake mwenzio."

Mansuri na mama mdogo wanakusalimu sana. Nisalimie shemeji Nurudini. Mungu akuweke salama mpaka tukumbatiane.

Uwanjani utamwona mtoto uso mtupu kabisa. Usishangae, dada. Nyusi zake zinakusubiri wewe.

Mdogo wako akupendaye,
Asia