Baiskeli Sita za Ruzuku

6 Februari

Kwa mdogo wangu Fundi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, goti tu ndilo linalonikumbusha umri kila nikipanda ngazi. Wewe je, na hayo masikio? Ukipigiwa simu unajibu maswali ambayo hayakuulizwa, ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu. Barua hii anakuletea dereva wa lori la maziwa. Mpe maji ya kunywa, usimwache asimame juani.

Ndugu yangu, tumepata! Serikali imetupa ruzuku. Kile kikundi chetu cha kujitolea, wanawake sita tunaozunguka kuwaogesha wagonjwa wasioweza kuamka na kuwafunga vidonda, ambacho wewe ulikiita chama cha umbea, sasa kimeandikishwa. Kina katiba, kina muhuri, na tangu jana kina baiskeli sita mpya. Zimejaa sebuleni kwangu hata pa kuketi hakuna. Cherehani nimeihamishia jikoni.

Sasa cheka, kisha unisaidie. Hakuna hata mmoja wetu anayejua kuendesha.

Siku ya kujaza maombi, katibu wetu, yule mwalimu wa chekechea, alisoma swali: je, wanakikundi wanaweza kutumia kifaa wanachokiomba? Akauliza nani anaendesha baiskeli. Nikawatazama wenzangu, nikaona sura za watu wanaoendesha. Nikajisemea, mimi nitakaa nyuma, nikanyoosha mkono. Kumbe kila mmoja alikuwa anajisemea hivyo hivyo, na katibu mwenyewe naye! Tumeiahidi serikali waendeshaji sita, na wote ni abiria.

Katikati ya Aprili afisa maendeleo ya jamii atakuja kukagua. Baiskeli zisizotumika zitapewa kikundi kingine. Aibu naweza kuimeza. Nisichoweza ni kumwambia Refa, yule mzee aliyekuwa mwamuzi wa mpira. Amelala na kidonda cha mguu huko ng'ambo ya reli, na kwa miguu tunamfikia mara mbili tu kwa wiki. Kidonda kile kinataka kusafishwa kila siku, na mimi kwa mdomo wangu nimeshamwahidi kwamba kitasafishwa.

Nifanyeje?

Dada yako


9 Februari

Kwa dada yangu mkubwa, mheshimiwa mwenyekiti,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia. Mimi sijambo, ila mbavu zinaniuma kwa kicheko. Nimeisoma barua yako kwa sauti hapa karakanani. Mteja akaomba niirudie, akasahau hata kulilia bei.

Sikia. Usikubali mtu apandishwe kwenye baiskeli halafu asukumwe, hivyo ndivyo watu wanavyovunjika meno. Fungueni pedali zote mbili. Ile ya kushoto inafunguka kinyume na ya kulia, msiing'ang'anize. Shusheni viti mpaka nyayo zikanyage chini. Kisha mwende mmekaa, mkijisukuma kwa miguu kama watoto. Mkishaweza kuinua miguu yote miwili na baiskeli ikaenda yenyewe, hapo rudisheni pedali. Na mtazame mbele. Ukilitazama shimo, utaingia shimoni.

Ningekuja mwenyewe, ila nimepewa baiskeli za shule nzima kutengeneza na niko peke yangu.

Lakini dada, nikwambie ukweli kwa kuwa nakupenda: kwa umri wako na goti hilo, sikuoni ukiendesha. Siku utakayofika hapa karakanani umejiendesha mwenyewe, nitavaa gauni lako la harusi nipite nalo sokoni mchana kweupe.

Mdogo wako,
Fundi


2 Machi

Mdogo wangu mwenye mdomo,

Marahaba. Hujambo? Mimi ni mzima ukiondoa viwiko, magoti na sehemu nyingine ambayo siwezi kukuandikia.

Pedali tulizifungua. Mwenzetu Mama Pacha aliing'ang'aniza ile ya kushoto ingawa ulikataza, akapinda spana. Kila asubuhi tunazikokota baiskeli hadi uwanja ulio mbele ya nyumba ya Refa, kwa kuwa huko hakuna wa kutucheka. Hakuna, isipokuwa Refa. Kitanda chake kiko dirishani, na amemtuma mkwewe amtafutie filimbi yake ya zamani. Ukikanyaga chini bila sababu, filimbi. Ukimgonga mwenzako, kadi ya njano. Mwenzetu muuza mkaa alipewa nyekundu akagoma kutoka, wakabishana dirishani mpaka uji ukapoa. Hata mimi nimeshatolewa nje, mwenyekiti mzima!

Tena kwa kuwa tuko huko kila siku, kidonda tunakisafisha kila siku, na kimeanza kufunga. Mkunga wetu mstaafu alikitazama jana, akaanza kuimba.

Lakini mimi bado. Wenzangu wote watano wameshainua miguu, hata mkunga ambaye ni mkubwa kwangu. Mimi nakwenda kidogo, kisha naufuata mti ule ulio pembeni ya uwanja na kuukumbatia. Jana nililia, nakwambia wewe tu. Kikundi nimekianzisha mimi, na afisa hatakuja kuhesabu watano. Nikikiponza, uso wangu nitauweka wapi?

Gauni la harusi nimelitoa sandukuni nikalianika. Kiunoni nitaongeza kitambaa.

Dada yako


7 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi mzima. Kucheka nimeacha, au nakaribia kuacha.

Unaukumbatia mti kwa sababu unautazama mti. Unakumbuka ulivyokuwa ukinibeba mgongoni kuvuka mto tukienda shule? Nilikuwa napiga kelele, na wewe unaniambia, "Tazama ng'ambo, usitazame maji." Sikuwahi kulowa hata unyayo. Basi na wewe tazama ng'ambo.

Hicho kitambaa usikinunue.

Mdogo wako,
Fundi


17 Aprili

Dada,

Shikamoo. Hali yako? Mbona kimya? Siku ya ukaguzi imepita, na tangu Machi sijaona barua. Nikimuuliza dereva wa maziwa, anajifanya anakagua tairi.

Kama mmenyang'anywa, basi ziende. Nitaokota vyuma chakavu hapa nifufue hata baiskeli mbili, niwaletee. Kama umeanguka na kuumia, niambie. Nimekutania kuhusu goti na sasa silali vizuri. Nijibu, hata neno moja.

Mdogo wako


21 Aprili
(kikaratasi kilichochomekwa mlangoni kwa Dada)

Dada, shikamoo.

Nimeshindwa kungoja. Nimefunga karakana nikapanda lori la maziwa alfajiri. Nimebisha hodi mpaka majirani wametoka. Mlango umefungwa, nimechungulia dirishani, na sebuleni hakuna baiskeli hata moja. Moyo umenishuka. Majirani wananieleza jambo huku wanacheka, na unayajua masikio yangu, sijaambulia kitu. Nakwenda kwa Refa kuuliza. Ukirudi kabla yangu, usiondoke.

Mdogo wako


21 Aprili
(kikaratasi kilichobandikwa kwenye mlango wa karakana)

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa hukuwepo kunisalimia. Hujambo huko kwangu uliko? Miezi yote hii huji, na leo ndiyo umeamua!

Kukuandikia sikutaka, makusudi. Habari hii nilitaka kuileta mwenyewe, na dereva wa maziwa nilimwapisha. Lori lenu tulilisikia upande wa barabara tukiwa kwenye njia ya kando ya reli, nikasema, yule anawahi maziwa yake. Kumbe umo ndani, ndivyo jirani zako hapa walivyoniambia!

Afisa alikuja. Tulijipanga uwanjani, Refa akapuliza filimbi. Nikatazama ng'ambo, mdogo wangu, kama nilivyokuwa nikikwambia mtoni. Nikaupita mti, nikageuka, nikarudi, na machozi yananitoka kwa furaha mbele za watu. Afisa akaandika, kisha akataka kuwaona wagonjwa wengine wa mbali. Nikamuuliza kama anaendesha. Akatazama viatu vyake. Basi nikamwambia apande nyuma. Mimi niliyenyoosha mkono nikitegemea kubebwa, nimeibeba serikali kwenye keria kutwa nzima na kuirudisha salama! Baiskeli ni zetu, na fungu la pili la ruzuku, la dawa na glovu, limepitishwa.

Tumekuja wote sita. Muuza mkaa aliacha njia akaingia shamba la mahindi, akatoka na muhindi mkononi. Goti limekaa kimya njia nzima. Refa utamkuta amekaa kitini, siku hizi anakanyaga sakafu. Ukikosea hata kumsalimia atakupulizia filimbi, na hiyo utaisikia.

Gauni nimelitundika kwenye komeo lako. Kitambaa nimeongeza. Nimepita kwa wauzaji wote kuwaeleza mpango wako, na hakuna anayefunga meza yake kabla lori la jioni halijarudi. Sisi tunatangulia sokoni. Njoo umevaa.

Dada yako,
Dereva