Moyo wa Alexander

Voi,
Alhamisi, Septemba 1956

Mpendwa Baba,

Nakusalimu katika jina la Bwana, wewe na Mama na nyumba yote ya hapo Chawia, nikimkumbuka na Bibi na miguu yake inayomsumbua. Natumaini baridi imepungua na maharagwe yamesimama vizuri. Mimi kwa mwili ni mzima. Kwa roho siwezi kukudanganya, sina amani. Tafadhali isome barua hii peke yako kwanza, kisha utajua namna ya kumwambia Mama.

Najua Katuku wa lori la mboga alikueleza kwamba Alexander ameonekana ana ugonjwa wa moyo na ameachishwa mbio. Jibu lako pia alinifikishia: nimpandishe kijana nyumbani mara moja, anywe mchuzi wa mama yake, na hayo mambo ya Olimpiki ya Melbourne yaishe. Neno lako nililipokea, Baba, lakini sikulitenda. Acha nikueleze yalivyokuwa.

Ni daktari wa kamati ya michezo aliyemwachisha. Alimsikiliza kifua, akakunja uso, akasema moyo huu umekuwa mkubwa kupita kiasi na unapiga polepole mno, ni moyo wa mtu anayeweza kuanguka wakati wowote. Mwanao, ambaye majuzi tu aliwaacha wakimbiaji wote wa reli nyuma kabisa, akaambiwa asipande hata ngazi kwa haraka.

Wakati huo alikuwapo hapa Daktari Morley, Mwingereza wa chuo kikuu, anayefanya utafiti juu ya miili ya wakimbiaji. Alipewa chumba katika zahanati yetu, nami nikapewa kazi ya kumsaidia kwa sababu ya Kiingereza changu. Aliwafanya vijana wapumue ndani ya mifuko mikubwa ya mpira mpaka wakacheka wenyewe. Ni mtu mpole, kila siku anasahau kofia yake mahali. Yeye alisema wataalamu wa Ulaya wameandika kwamba mazoezi ya miaka yanaweza kuukuza moyo na kuupunguzia mapigo, na huo si ugonjwa. Lakini akasema pia kwamba mioyo mingine ya namna hiyo ni migonjwa kweli, na njia ya kujua ni moja: Alexander aache mbio kabisa kwa majuma manane. Mapigo yakipanda, ni mazoezi tu, naye ataiambia kamati. Yasipopanda, ni ugonjwa.

Aliyepinga mapumziko hayo ni Nashon Awiti, mnyapara wa njia ya reli, ambaye ndiye anayewafundisha mbio. Aliniagiza nimwambie daktari kwamba wote waliowahi kumshindia vikombe walikuwa na mioyo ya polepole, kwani yeye huwawekea sikio kifuani. Daktari akaniagiza nimjibu kwamba sikio si ushahidi. Awiti akataka nimuulize kama yeye mwenyewe amewahi kukimbilia hata basi. Hilo sikulitafsiri. Walikuwa wanasema jambo moja, Baba, mimi niliyekaa katikati nililisikia wazi, lakini hakuna aliyekubali kulipokea kwa mwenzake. Nilichoka kubeba maneno yao huku na huku.

Alexander alikubali kupumzika. Kila asubuhi alikuja zahanati, akalala kitandani, nikamshika mkono na kuhesabu. Majuma yalipita na moyo ule haukusogea. Nilihesabu mara mbili, mara tatu, nikamwomba Mungu aongeze. Jumatatu hii Daktari Morley alituita, akasema kwa huzuni kwamba ni ugonjwa, Alexander asikimbie tena maishani. Akasema ataandika hivyo katika utafiti wake ili madaktari wengine wajifunze kuwazuia wakimbiaji wa aina hiyo. Kimeu, mkimbiaji mwenzake wa Kikamba mwenye moyo kama wake, naye angeachishwa mbio.

Baba, hukumwona mwanao. Aligeukia ukuta, akakataa chakula. Nilimfichia wembe, na nilipokwenda kazini nilimwomba mama wa nyumba ya pili amchungulie.

Jumanne Awiti akaja nyumbani. Alivua kofia akasimama mlangoni, hakutaka kuketi. Akasema kwamba majuma yote yale, kabla Alexander hajaja kwangu, walikuwa wakikimbia alfajiri katika barabara za shamba la mkonge. Ni yeye aliyemshawishi, kwamba mkimbiaji akilala majuma manane huamka amenenepa kama mbuzi wa Krismasi. Alidhani daktari atapata vipimo vyake na kijana atabaki na miguu yake, na hakuna atakayeumia. Mwanamume mzima yule alilia mbele yangu. Nilitaka kumpiga, kisha nikalia naye.

Nilikimbia mpaka kwa Daktari Morley nikamweleza yote. Alikaa chini, akashika kichwa. Akasema basi sasa hajui chochote: huenda moyo ni mzima na mbio zile za siri ndizo zilizouweka pale ulipo, huenda ni mgonjwa kweli na wamekuwa wakiuchezea. Muda wa kupima upya haupo, maana mbio za kuchagua timu ya Melbourne ni Jumamosi hii Nairobi. Akasema hana haki ya kumkataza mtu kwa ushahidi ulioharibika, na hana ujasiri wa kumruhusu. Ataipigia kamati simu aseme kizuizi kimeondolewa, ikiwa tu mzazi amekubali, kwa kuwa kijana hajatimiza miaka ishirini na mmoja.

Ndipo akawaita Awiti na Alexander, akaniuliza mbele yao kama Baba anakubali. Nilisema nitatuma kwako nilete jibu. Jana nilikwenda kwa shangazi nikakaa mchana kutwa, wala sikutuma kwa mtu yeyote. Jioni niliporudi nikawaambia umekubali.

Alexander alipanda treni jana hiyo hiyo pamoja na Awiti. Mimi niliyeushika mkono wake asubuhi zote zile sijui kama nimempeleka kushinda au kufa. Ninachojua ni kwamba pale ukutani alikuwa anakufa, na nilikuwa namtazama.

Simu ya stesheni bado ipo. Leo nimekwenda mara mbili nimwambie karani aniunganishe Nairobi, na mara zote mbili nimerudi. Katuku anapanda Chawia kesho asubuhi, lakini barua hii sitampa. Nitampa Jumamosi jioni, kwa sababu nakujua, ungeteremka hata kwa miguu ukamzuie. Utakapoisoma, moyo wa mwanao utakuwa umekwisha kujibu. Nihukumu vyovyote, lakini Alexander usimguse kwa neno, yeye anaamini ruhusa ilitoka kwako.

Msalimie Mama, mwambie namwombea. Wasalimie wote wa kanisani, na Bibi.

Treni ilipokuwa inaondoka Alexander alitoa kichwa dirishani akiwa anacheka, akapaza sauti nikushukuru sana. Basi, Baba, nakushukuru.

Ni mimi binti yako,
Priscilla