Mawese Ndani ya Injini

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio haujatulia. Hapo Kitahana mmeamkaje? Mguu wa mama umepungua uvimbe? Na mvua, bado inaozesha maharage shambani?

Hii ni wiki ya tatu niko hapa Tabora na injini ya trekta la kijiji. Nalala karakanani juu ya magunia, na mbu wa huku hawana adabu hata kidogo. Fundi Saidi ameifungua injini yote na kuitandaza chini, ungeiona ungesikitika. Ule mhimili mkubwa wa ndani umekwaruzika, lazima uchongwe kwenye mashine, na pistoni zote nne ni za kutupa. Vipuri vitoke Dar es Salaam, kama vipo. Jumla anataka shilingi elfu tatu na mia nne. Nilipomwomba apunguze, alisema huruma hiyo ningeionea injini ilipokuwa hai.

Jana dereva wa lori la Kibondo alipita hapa akanipa habari zenu. Ati mkutano wa kijiji umeamua kwamba shemeji Elia, mume wa dada Anjelina, ndiye alipe. Ati aliuza oili ya trekta iliyokuwa stoo, akajazia uchafu. Ng'ombe wake wawili watachukuliwa kabla mwezi haujaisha. Baba, ndiyo maana nimeomba karatasi nikuandikie.

Elia hakuuza kitu. Oili iliisha. Aliniambia kwa kinywa chake, "Shemeji, zima trekta, tungoje gari la Kasulu lilete oili nyingine." Mimi nikaona aibu. Kilikuwa kimebaki kipande kimoja tu cha shamba la kijiji, watu wamesimama na mbegu, mvua imetanda, na wote wananiita Bwana Trekta. Nikaenda nyumbani, nikachukua debe la mawese jikoni kwa mama, nikayatia kwenye injini. Nilidhani mafuta ni mafuta. Siku ile lilikwenda vizuri, nikajisifu. Kesho yake baridi yetu ya alfajiri ilikuwa imeyagandisha. Nilipowasha likagonga, nikalikanyagia tu, likafa.

Mlipouliza, nilisema oili ilikuwa mbaya. Sikumtaja Elia, lakini kila mtu anajua ufunguo wa stoo anao nani. Niliona mnavyomgeukia, nikanyamaza.

Fundi alipofungua chini alikuta mafuta mekundu yameganda. Akanusa, akauliza, "Hii mlikuwa mnalimia au mnapikia maharage?" Wenzake wakacheka. Mimi nilitoka nje nikalia.

Najua barua hii anakusomea katekista. Katekista, tafadhali, soma na hapa, usimfiche mzee. Kisha, Baba, ipeleke mkutanoni isomwe mbele ya wote kabla ng'ombe wa Elia hawajafunguliwa kamba. Aanze kuuzwa yule wangu mwekundu tuliyemtenga kwa mahari. Kwa kina mchumba wangu uende wewe mwenyewe uwaeleze, na wakikataa kungoja sitawalaumu.

Nisalimie mama, umwambie debe alilolitafuta siku zile nililichukua mimi. Nisalimie dada Anjelina, kama atapokea salamu yangu. Mwenyekiti naye msalimie, na kama ameshapata dereva mwingine, sina neno.

Shemeji Elia simtumii salamu kwenye karatasi. Nitakuja kumwangukia mwenyewe, mbele ya wale wale waliomwita mwizi nami nikiwasikia.

Mwanao,
Festo